Programu Yako, Kaka, Sasa Iko Zahanati

Kaka yangu Karisa,

Nakuandikia nikiwa nimesimama, maana kukaa siwezi kwa furaha. Programu yako inafanya kazi! Ile ya orodha ya watoto wa shule ya Jumapili, uliyoiandika pale mezani kwetu Kiembeni huku ukinimalizia viazi karai vyangu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukibishana? Mimi kila kazi nilitaka kuiandika upya, mstari kwa mstari, nawe ukinicheka: "Kadzo, wali umeiva, wewe wamwaga wapika mwingine?" Nikakuita mvivu.

Ulipofariki, faili zako sikuzigusa. Haukuwa ubishi tena, kaka, ilikuwa hofu. Niliona nikibadilisha hata herufi moja nitakuwa nakufuta wewe. Kwa hiyo zahanati ya hapa Mjambere iliponiomba programu ya orodha ya chanjo, nilianza upya. Miezi miwili, makosa juu ya makosa, hadi Sista Mbeyu, muuguzi mkuu, akachoka nami. "Mwanangu, Ijumaa isipokuwa tayari, mimi narudia daftari zangu."

Jumatano nikazifungua faili zako. Nililia kidogo, kisha nikanakili. Siku mbili tu, kaka! Sehemu ya kutafuta majina, iliyokwisha kuwazoea akina Kazungu wote wa kanisani wanaofanana majina, haikukosea hata mara moja. Ulisema kweli.

Lakini usivimbe kichwa. Ijumaa asubuhi Sista akaniita: "Mbona watoto wote wana umri sifuri? Huyu ana wiki sita, yule miezi tisa, nimchanje yupi?" Jasho likanitoka. Wewe ulihesabu umri kwa miaka mizima, na kwa shule ya Jumapili ilitosha. Mimi ndiye niliyeibeba hesabu hiyo bila kuijaribu tena. Kosa ni langu.

Mstari wa kurekebisha ulikuwa mmoja, na ni wewe uliyeuandika. Nikaufuta, nikaandika mwingine wa wiki na miezi. Muda si muda mama wa kwanza akaitwa, mwanawe akachomwa sindano, akapiga ukelele mpaka foleni nzima ikageuka. Nikacheka mbele za watu kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Nimeufuta mstari wako, Karisa, na wewe bado upo.

Dada yako mbishi,
Kadzo