Dakika Mbili za Miguu Yako

Kalenga, rafiki yangu,

Jana nilitetea. Nilisimama mbele ya maprofesa watatu na kazi yangu ya mwisho ya chuo, ile mémoire uliyokuwa ukiniuliza kila wiki nitaianza lini, nikazungumza juu ya filamu yako fupi. Nilivaa viatu vya kuazima vilivyonibana mpaka nikasahau salamu. Ungenicheka. Nimepita, lakini si hicho kinachonifanya nikuandikie. Nataka kukuambia habari ya zile dakika mbili.

Unakumbuka mama yako alikuwa anamaliza nyumba yake kule Ruashi, upande wa pili wa mji, na mlango wa chuma umechomelewa Katuba, kwa fundi jirani yenu. Wenye mabasi wote waliukataa. Akakodi mkokoteni pamoja na mwenye kuuvuta, na wewe ukatoa telefone yako yenye kioo kilichopasuka, ukasema safari hii ni filamu. Mimi nilibeba maji na mwavuli, nikajipa cheo cha msaidizi wa mkurugenzi. Jua la siku ile, Kalenga. Mama alitembea mbele ya mlango wake kama anayesindikiza bibi arusi, na kila aliyetuuliza tunaenda wapi alijibiwa kwa urefu.

Karibu na kufika, gurudumu likazama kwenye mchanga, mlango ukateleza na kumwelemea mama. Uliweka telefone chini ukakimbia. Haikuzimika. Kwa dakika mbili nzima filamu yako inaonyesha vumbi, nusu ya gurudumu, na miguu yako ndani ya sandali za plastiki, ya kushoto imefungwa kwa waya. Inasukuma, inateleza, inasukuma tena. Hakuna sura ya mtu.

Nilikuambia ukikate kipande hicho. Nilikuambia vibaya, acha nikiri. Nilikuwa nimetoka kujifunza darasani kwamba kila kipande cha hadithi lazima kiwe na kazi yake, basi nikakuchorea jedwali kwenye daftari: mhusika mkuu ni mama, anachokitafuta ni nyumba, mpinzani ni barabara, msaidizi ni mwenye mkokoteni. Kisha nikakuuliza, kwa kiburi cha mtu mwenye daftari jipya, vumbi lina kazi gani hapo. Ulijibu tu, "Ile inabakia." Nikakuita kichwa nguvu, nikaenda zangu mtaa wa Golf kwa shangazi, wiki nzima sikukupigia.

Sikujua kwamba umelala na homa. Nilipokuja, viti vya plastiki vilikuwa vimeshapangwa barabarani, wamama wamekaa chini, kilio kimeanza. Sikukuomba msamaha. Inaniuma, Kalenga. Mpaka leo inaniuma.

Nilipochagua filamu yako kwa mémoire, profesa anayeniongoza alisema yale yale niliyosema mimi: kipande kile ni kosa la kamera, nikiweke kando, la sivyo kazi haitapita. Nikarudi nyumbani nikaitazama tena, jedwali likiwa mapajani. Sijui mara ngapi. Ndipo nikaona kwamba pale msimulizi ameacha kusimulia. Ameweka hadithi chini ili amsaidie mama yake. Ulitoka nyuma ya kamera ukaingia ndani ya hadithi, na mlango uliposimama vizuri ukarudi kazini kwako kimya. Kwenye nafasi ya msaidizi nikaandika jina lako juu ya la mwenye mkokoteni. Nililia juu ya daftari, sikufichi. Sura yangu yote ya tatu ni miguu yako. Profesa alinuna, akaisoma mara mbili, akasema haya, kaitetee mwenyewe.

Jana tuliionyesha filamu ukutani. Mama yako alikuja, akaketi nyuma kabisa. Majirani bado wanamwita Mama Kalenga, na bado anaitika. Tangu tukuzike hakutaka kuiona filamu ile. Miguu yako ilipotokea, profesa mmoja alikuwa ameanza kuniuliza kama kweli hapo kuna mhusika. Mama akasimama.

"Ile ni mutoto yangu," alisema. "Munaona, iko anasukuma."

Hakuna aliyemwambia aketi.

Baadaye, nje, mama yako alinishika mkono. Wewe ulitupiga picha sisi sote, Kalenga, arusi zetu, ubatizo wa watoto wetu, lakini mwenyewe ulikuwa unakimbia kila ukilengwa. Mama ana picha yako moja tu, ya kadi ya chuo, umekunja uso. Nje ya zile dakika mbili hana pahali anapokuona ukitembea. Akaniambia, "Unitilie tu ile ya miguu. Ingine yote ni ya bantu ba chuo." Watu wa chuo ndio sisi.

Nisamehe. Ungenisikiliza siku ile, leo mama asingekuwa na kitu.

Jumapili, misa ikitoka, nitaenda Ruashi nimtilie katika telefone yake. Nakuahidi nitakaa naye mpaka ajue kuifungua na kuirudisha mwanzo kwa mkono wake, asimngoje mtu yeyote akitaka kukuona.

Bakia muzuri, Kalenga.

Ngalula