Neno Moja kwenye Bango la Maryamu

Garsen, Jumanne, 10 Machi 1998

Nimemficha Maryamu jambo hili tangu mwaka wangu wa mwisho wa kufundisha. Bango lake halikufika Nairobi kwenye lile shindano la wanafunzi la matangazo. Limo sandukuni mwangu.

Leo ameniletea uji. Nilikunywa vijiko vitatu, sikusikia ladha.

"Mwalimu, wawakumbuka wale majaji walonikataa?" aliniuliza akinifuta kidevu. "Labda walitaka niwachoree twiga."

Akacheka. Kisha akasema tangu siku ile hajashika rangi tena. Hapo ndipo ningesema. Nikamwomba afunge dirisha.

Alipoondoka nililitoa lile bango. Mwanamke ameinama juu ya sufuria inayofuka mvuke, na chini yake maneno: "Chemsha mai ya mto." Mwaka ule nililikata lile "mai" kwa wino mwekundu nikaandika "maji". Wino ukasambaa mpaka kwenye mkono wa yule mwanamke, bango likaharibika. Nikaona haya kulituma. Maryamu nikamwambia majaji wamelikataa.

Nimelitazama sana. Nilidhani nitalia, lakini hakuna kilichokuja. Daktari anasema moyo umechoka. Labda ndiyo hivyo.

Miaka yote nimejiambia kwamba nilikuwa nasahihisha kosa. Halikuwa kosa. Niliogopa Nairobi watatucheka. Mimi pia ni mtu wa Kipini kama yeye, na nyumbani kwetu maji tuliyaita mai.