Wameupiga Plasta Ukuta wa Mahakama

Baba Neema wangu, huko ulikolala,

Jumamosi nilimchukua Neema tukatoka hapa mjini Temple Hills, tukaenda kwenu kusini, kule kwenye mashamba. Kaunti ilikuwa inasherehekea kuanzishwa kwake. Nilitaka mwanao aguse ukuta wa mahakama ya zamani, kama nilivyougusa mimi mwaka tuliooana.

Ulinishika mkono siku ile ukasema, "Mke wangu mpenzi, tafadhali tia kidole chako hapa." Nikakucheka. "Wewe Mwamerika, Kiswahili chako kinanuka chaki ya darasani." Lakini kidole kilizama kwenye kishimo katika tofali, na kando yake vingine. Ukanieleza kwamba kaunti ilipoanza, wenye mashamba ya tumbaku walitaka mahakama, na watumwa wao ndio waliofyatua matofali. Watoto wa watumwa hao waliyageuza yakiwa mabichi ili yakauke juani, alama za vidole zikabaki. Mmoja wa watoto hao alikuwa bibi wa bibi yako. "Sisi hatuna karatasi za ukoo," ulisema. "Tuna huu ukuta."

Baba Neema, wameupiga plasta. Wakapaka na chokaa, unang'aa kama keki ya harusi.

Mama mmoja aliyekuwa akitembeza wageni alisema waanzilishi waliijenga mahakama kwa mikono yao. Nikamwuliza vile vishimo viko wapi.

"Ah, vile? Tumeviziba. Tuliona aibu wageni wakute ukuta umechakaa."

Nikamweleza vilikuwa nini. Alisikiliza vizuri, hata machozi yakamlenga. Akanipa pole, akanishukuru. Kisha likaja kundi jingine, naye akaanza upya: waanzilishi, kwa mikono yao.

Wenzangu kanisani wananiambia nisamehe. Wewe nimekusamehe kufa, ingawa ilinichukua muda. Hawa bado. Wangekuwa na chuki ningejua pa kuanzia, lakini walikuwa wanafanya usafi tu.

Garini nilimsimulia Neema yote uliyonisimulia. Akaniuliza kwa Kiingereza chake kama nina hakika.

Nina hakika. Ila sasa itabidi aniamini mimi tu, na unajua vijana wa umri wake walivyo. Haamini mtu.

Pumzika, mume wangu. Huku nimebaki kuwa shahidi wako peke yangu.

Mkeo,
Mama Neema