Povu la Sabuni kwenye Glasi ya Rajabu

Jumanne. Mvua imekatika asubuhi, jua limetoka kwa hasira, na mimi nimeamka na Rajabu wangu kichwani.

Mjukuu wangu Zuhura anauza juisi kwa simu, na leo alikuwa anazipiga picha hapa barazani kwetu Buguruni. Amehangaika mpaka nikamhurumia. Barafu inayeyuka, juisi ya embe imetulia kama uji uliopoa, glasi haitoi jasho. Nikamwambia aipake mafuta ya nazi kwa nje, kidogo tu, halafu anyunyize maji kwa vidole. Matone yakasimama. Akacheka, akaniuliza, "Bibi, haya umejifunza wapi?"

Kariakoo, miaka ya hamsini. Na nusura yanikoseshe mume.

Nilikuwa nimetoka Lindi kuja kukaa na dada yangu, Mtaa wa Sikukuu. Mume wake, shemeji yangu Bakari, alikuwa na studio ya picha kwenye chumba cha mbele. Watu walipenda kupigwa wameketi mbele ya pazia lililochorwa maua, glasi ya kinywaji mkononi, ili ndugu huko kwao waone kuwa mjini mambo yamenyooka. Kuipendezesha glasi ilikuwa kazi yangu, na niliipenda kuliko kupika. Nilijua ikae upande gani ili mwanga upenye, na kitambaa kipi kiwe chini yake. Ningeweza kurudi katika chumba kile hata leo, nikasikia cherehani zikilia nje barazani.

Moja ya cherehani hizo ilikuwa ya Rajabu. Alipoleta posa, baba yangu, mwalimu wa chuo cha Kurani, aliandika kutoka Lindi kwamba kwanza atumiwe picha, amwone kijana. Shemeji akanunua soda ya machungwa kwa heshima ya picha hiyo, akanikabidhi niiandae.

Joto lilikuwa kali. Shemeji alikuwa bado anahangaika na taa zake. Nikaonja funda moja.

Soda niliimaliza yote.

Nikamimina chai ya rangi iliyopoa ndani ya glasi. Nikapiga sabuni kwenye maji kwa uma, nikateka povu kwa kijiko na kuliweka juu. Lilikaa vizuri jamani, nikajiona fundi. Rajabu akaambiwa apeleke glasi mdomoni, akapeleka, picha ikapigwa.

Picha za wakati ule zilikuwa nyeusi na nyeupe. Baba hakuona chai wala soda. Aliona bia.

Barua yake ilikuwa fupi. Hatamwoza binti yake kwa mlevi asiye na haya hata mbele ya kamera, na mimi nirudi Lindi. Shemeji akaitazama picha upya, akakasirika. Soda gani inasimama na povu namna ile? Akaamini Rajabu aliingia na chupa yake kwa siri. Rajabu akasema neno moja tu, kwamba yeye hanywi pombe, akarudi kwenye cherehani yake.



Siku tisa nilinyamaza. Naandika hapa kwa sababu sijawahi kuwaambia wanangu sehemu hii. Mtaa mzima ulikuwa unamtania, "Mlevi, umeamkaje?", naye anashona tu, ameinamisha kichwa. Nilikuwa naogopa aibu ya kuonekana mlafi na mwongo kwa pamoja. Nilimpenda, na bado nikamwacha abebe kosa langu. Naona haya mpaka sasa.

Siku ya tisa alikuja kuniaga, mimi nikiwa nimeshafunga mizigo. Aliniletea gauni alilonishonea, akanitakia safari njema bila lawama yoyote. Hapo nikaangua kilio, nikayamwaga yote mbele ya dada na shemeji.

"We Somoe!" shemeji akafoka. Halafu akacheka hadi akakaa chini. Akaniweka mbele ya lile pazia na uma wangu, sabuni yangu na glasi ya chai, povu limenifika kwenye viwiko, akanipiga picha. Hiyo ndiyo iliyokwenda Lindi pamoja na barua yangu ya kuomba radhi.

Baba akajibu: "Kijana nimemkubali. Wa kuchungwa ni binti yangu."

Tulipokuwa tumeshaoana, siku moja tukila mchana, Rajabu aliniambia kwa utulivu kwamba siku ile ya picha alikunywa funda kubwa. Alijua ni sabuni tangu mwanzo. Nikamuuliza kwa nini hakusema. "Ningesema, ungekuwa mwongo kwa baba yako," akasema. "Nilitaka useme mwenyewe." Akaendelea kula.

Mwaka wa pili sasa tangu nimzike. Picha zote mbili ziko ukutani, yeye na glasi, mimi na povu.

Leo juisi ya Zuhura ilikosa povu, nikampigia la sabuni, mkono haujasahau. Alipomaliza na kuingia ndani, nilibaki na ile glasi. Miaka yote hii nilikuwa sijawahi kuonja.

Nikanywa funda moja. Chungu, linakwaruza koo, machozi yakanitoka.

Picha yake naitazama sasa hivi. Hakukunja hata uso. Rajabu, uliwezaje?