Kaseti ya Mzee Appa

Amalemba, 4 Februari

Mama mpendwa,

Mitchel ametoka kubusu redio sasa hivi. Ameacha uji kwenye spika, nami nacheka badala ya kumgombeza. Huko Kabras mmeamkaje? Goti limepoa? Sisi wazima, Mitchel meno mawili yamechomoza.

Kwa vile simu yako bado iko kwa fundi, nakutumia barua na kaseti kwa mkono wa Titus wa boda. Ni ya Mzee Appa, yule baba ya bosi ninayempikia. Kwao India alikuwa mtu wa redio miaka thelathini: anatunga nyimbo za watoto kwa Kitelugu, anaandika hadithi, anazisoma mwenyewe hewani. Huu amesema ndio wimbo wake wa mwisho. Ana mazoea yake: wimbo mpya kwanza usikilizwe na mtu wa mbali asiyejua lugha, aseme ameuonaje. Nikamwambia, "Mama yangu ako mbali na hajui kitu." Akacheka sana. "Huyo ndiye! Akipiga miayo, nautupa."

Hana nakala nyingine. Sikiliza, urudishe.

Binti yako

Kabras, 13 Februari

Mwanangu,

Goti linanisumbuanga mvua ikinyesha tu. Wewe unakula, ama unanyonyesha tu na chai? Kula obusuma, ugali wa kushiba.

Kaseti imefika. Sijaisikiliza, betri zimeisha. Jirani yetu Mzee Sylvanus alituacha Jumatatu, na kwaya wanafanyia mazoezi ya matanga hapa kwetu. Kakako Lusweti, si ndiye mwalimu wao, ataleta betri. Mwambie huyo mzee nina hamu.

Mamako

Amalemba, 16 Februari

Mama,

Afya nitakuuliza siku nyingine. Mzee ameanguka bafuni. Mdomo umeenda upande, sauti imekatika kabisa. Daktari amesema tusimwache peke yake. Kila nikiingia ananivuta leso, anagusa sikio lake: mamako amesema nini? Nikamdanganya eti umeupenda. Akatikisa kichwa. Anajua. Sasa anataka kuusikia mwenyewe, na naona siku ni chache. Nimepigia Lusweti, hapatikani. Rudisha leo, tafadhali, na mtu mwingine asiiguse.

Binti yako

Kabras, 17 Februari

Mwanangu,

Nisamehe kabla hujasoma. Lusweti aliona kaseti imeandikwa miviringo miviringo, akadhani ni mtoto amechorachora, kumbe ni maandishi ya kwao mzee, Kitelugu. Akarekodi kwaya juu yake. Nikamuuliza, "Hukusikiliza kwanza?" Akasema, "Mama, nani husikiliza kaseti ya kuchezea mtoto?" Nimemfukuza hata hajala. Hajui kama kwaya ilifika mwisho wa utepe. Mimi sikuusikia hata mstari mmoja.

Titus ameondoka nayo.

Mamako

Amalemba, 18 Februari

Mama,

Sijakukasirikia. Imefika saa nne. Nimemweleza mzee ukweli wote, nikiwa nimepiga magoti. Chozi likamtoka jicho moja, lile ambalo bado linafanya kazi. Halafu akaonyesha redio. Mwanawe ameiweka kitandani. Mimi woga umenikimbiza jikoni, nakuandikia huku nasikia.

Kwaya inaimba. Wimbo wa pili sasa. Lusweti anawafokea, "Soprano, mmelala?" Bado wanaimba. Mungu, wachoke basi.

Wamenyamaza. Kuna mkwaruzo tu, mrefu.

Mama, ni yeye! Kimebaki kipande, mistari miwili labda. Nakuandikia ulivyo ili upate cha kumjibu: unaanza chini, unapanda polepole kama mtu anayemwinua mtoto aliyelala, halafu un— Mwanawe ananiita, "Awinja! Wacha hiyo kalamu, njoo, Baba ametoa sauti, anaufuata wimbo!"