Kitanda cha Mama na Ukuta wa Mita

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka. Leo nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye blauzi moja, wala sikugundua mpaka mteja alipoivaa. Yeye alicheka. Nimemsimulia Mama wakati wa kula, akanitazama tu. Baadaye akaniita kwa jina la marehemu dada yake. Nikaitika. Ningefanyaje?

Jumatano, 5 Machi

Kaka kapita. Yeye fundi umeme, kwa hiyo kila ugonjwa kwake una waya. Kasoma kwenye simu kwamba umeme unatoa nguvu ya sumaku, ile ndogo ya kila siku, na huenda ikamharibia ubongo mtu anayekaa nayo miaka mingi. Kumbukumbu ndiyo inayoanza kwenda, anasema. Akaenda koridoni kutazama, akarudi. Nyuma ya ukuta wa Mama, pale pale anapolaza kichwa, ndipo zilipo mita na swichi kubwa za jengo zima. Ukitega sikio, zinanguruma.

Aliyekipanga kitanda pale ni kaka mwenyewe, tulipohamia. Hakulisema hilo. Nilimwona tu anavyokitazama.

Ijumaa, 7 Machi

Kliniki. Foleni, viti vya chuma, mgongo umekufa ganzi. Nikamuuliza daktari habari za sumaku. Nilidhani atanicheka, hakucheka. Akasema utafiti upo ila haukubaliani: wengine wameona dalili kwa watu wanaofanya kazi karibu na mitambo, wengine hawakuona kitu. Kwa Mama hawezi kusema ndiyo wala hapana — umri wake peke yake unatosha. Na tukihamisha kitanda? Akasema ukisogea mbali kidogo nguvu hiyo hushuka sana, na kuhamisha kitanda hakuna hasara.

Hakuna hasara. Nimerudi na maneno hayo njia nzima, Mama kanishika mkono, ananiuliza tunakwenda kwa nani.

Jumapili, 9 Machi

Kaka kaja na kipimo cha kuazima. Ukutani kwa Mama namba zikapanda. Dirishani, karibu na sifuri. Tukakisukuma kitanda hadi dirishani. Pale pa zamani zimebaki alama nne za miguu ya kitanda sakafuni.

Kipimo kilimnogea. Akapima friji, feni, redio. Mwisho cherehani yangu — namba zikapita zile za ukutani. Akakizima upesi, eti kinakosea. Nikamwambia basi na mimi nisukume hadi dirishani. Tukacheka, na Mama akacheka kwa sababu tumecheka.

Alhamisi, 13 Machi

Mama hajui mlango uko wapi. Miaka yote akiamka alishusha miguu kulia, akanyoosha mkono, mlango huu hapa. Sasa kulia ni ukuta. Asubuhi nimemkuta kafungua kabati, kasimama mbele ya nguo, hajui choo kimekwenda wapi. Alikuwa ameshajikojolea. Wakati namwosha akaniomba radhi kwa adabu zote: samahani dada, nimekusumbua. Dada! Mimi mwanawe wa kumzaa.

Nimempigia kaka. Anasema nivumilie, ubongo unahitaji muda kupona.

Jumatatu, 17 Machi

Mama hataki kulala mle chumbani. Anatia nguo zake kwenye mfuko, anasema wenye chumba wakirudi itakuwa aibu. Anataka kwake. Nimemwambia hapa ndipo kwako, akanionea huruma, kama ni mimi niliyechanganyikiwa.

Nimemwambia kaka tukirudishe kitanda. Akanijia juu. Yaani nimrudishe mama yangu kwenye sumu? Akizidi kuharibika nitasema nini? Huenda yuko sahihi, na hilo ndilo linaloniuma. Hakuna anayejua, na ninayeshinda naye ni mimi.

Nimefumua pindo la suruali ya watu. Nilikuwa nimelishona upande usio wake. Sijui ni uchovu au ni nini. Sitaki kufikiria.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nikiwa sakafuni, chumbani kwa Mama.

Mchana nilikuwa nashona, sikusikia chochote kwa kelele za mota ya cherehani. Nilipozima, kimya. Nikaingia. Kitanda kitupu. Kisha nikamwona: kalala chini, katikati ya zile alama nne, mto kauvuta, kiganja kakiweka ukutani.

Akafumbua macho, akaniita kwa jina langu. Langu, si la marehemu. Akauliza: yule wa mikono ya kushoto, amerudi?

Nililia pale pale, na yeye akaniambia acha hizo, ni blauzi tu.

Nimejilaza kando yake. Ukuta unanguruma, wa vuguvugu kidogo. Nauogopa. Na bado sitaki anyanyuke hapa, angalau leo. Kitanda siwezi kukisukuma peke yangu, lakini godoro naliweza. Nimeanza kulivuta. Kaka alisema atapita jioni hii na kile kipimo cha kuazima, aone namba za wiki hii.

Ni yeye. Anagonga kama kawaida yake, mbili, halafu moja.

Mama, bila kufumbua macho, kasema: "Mfungulie kaka yako."

Wiki mbili Mama alikuwa akimwita fundi, kama mtu baki.

Godoro liko nusu kitandani, nusu chini. Anagonga tena. Nalivuta kwanza —