Gari Linalojiinua Lenyewe

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za dada yako. Mimi mzima, ila goti bado linanisumbua, na mvua imelowesha nguo zote nilizoanika.

Leo nimelifunga lile karavani letu, kile kijumba cha magurudumu cha safari, nyuma ya gari. Uzito wake ulipoilalia ndoano ya kuvutia, gari lilididimia nyuma hadi nikaingiwa na hofu. Fundi wa jirani akacheka: "Subiri, mama. Washa injini, springi zake za upepo zijae, litajiinua lenyewe."

Kweli, likahema kidogo, likapanda taratibu mpaka likakaa sawa. Miaka yote marehemu shemeji yako ndiye aliyeifanya kazi hii, nami sikuwahi kuuliza.

Fundi alipoondoka nikaingia garini, nikafunga mkanda. Nilikaa muda mrefu, mdogo wangu, injini ikinguruma, ndipo nikatambua kuwa nimekaa kiti cha abiria, namsubiri.

Nililia, sikufichi. Kisha nikahamia kwenye usukani, nikaendesha polepole kuuzunguka mtaa, wala sikugonga kitu.

Jumamosi nakuja nalo kwako. Nifungulie geti lote, maana bado sijui kurudi nyuma.

Ni mimi, dada yako mwenye hamu nawe